Matundu Manane Chini ya Tairi

Kiwandani, 6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na umgawie baba zake kabla hajaanza kulalamika kwamba nimeanza na wewe. Mimi ni mzima, isipokuwa midomo imepasuka na nywele zimekuwa ngumu kama brashi ya viatu. Hapa kiwandani chumvi iko kila mahali. Iko kwenye mto wa kulalia, iko kwenye kitasa, na jana nimeikuta ndani ya sanduku nililolifunga kwa kufuli. Bawaba za dirisha langu zimeliwa zote, kwa hiyo nikitaka hewa nalinyanyua dirisha zima na kuliegemeza ukutani.

Nimekabidhiwa pikapu ileile ya baba. Mtunza stoo aliponiona tu alisema, "Wewe ni wa yule dereva, unatembea kama yeye," nikaringa siku nzima. Kila Jumanne nampeleka mkunga na sanduku lake la chanjo kwenye kambi ya wavunaji, ng'ambo ya uwanda wa chumvi. Ni kilomita tisini bila mti na bila mtandao wa simu. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, na barua nampa dereva wa lori. Mara ya kwanza kuingia uwandani nilizima injini nikashuka. Sijui nikueleze vipi, shangazi. Ardhi ni nyeupe mpaka macho yanakataa, na kuna kimya cha kukufanya usikie damu yako mwenyewe masikioni. Mkunga naye alikuwa ameshuka, amesimama tu, na yeye ameuvuka uwanda huu miaka saba. Akasema, "Kila mara najidanganya kwamba nimezoea."

Sasa ninalotaka. Tairi la akiba la pikapu hii linaning'inia chini ya bodi, huku nyuma, kwa waya mmoja. Unaingiza fimbo kwenye tundu la bampa, unazungusha, waya unalegea, tairi linashuka. Lakini magurudumu yanarusha tope la chumvi saa zote. Chumvi inakula waya na rimu kimyakimya, na siku ya pancha tairi halishuki hata uliombee. Ukikwama katikati ya uwanda hakuna gari lingine la kulipungia mkono. Utatembea, na kwa jua lile si wote wanaotembea wanaofika.

Naomba unishonee mfuko wa turubai wa kulifunika. Vipimo viko kwenye karatasi ya pili. Chini yake weka matundu manane, kila moja la kupita kidole gumba. Tafadhali usiyasahau matundu.

Mwanao, dereva

*

Karakana, 27 Februari

Mwanangu mwembamba,

Marahaba. Barua ilifika ikiwa na chumvi ndani ya bahasha, sijui uliitia wewe au ilijiingiza. Hapa hatujambo. Mkanda wa cherehani kubwa umekatika nikaufunga kwa kipande cha mkanda wa suruali, inakwenda. Baba yako macho bado yana ukungu, daktari amesema tusubiri, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Anakaa pale mlangoni kwenye kiti chake, ananikatia nyuzi kwa kupapasa, na anajifanya ndiye msimamizi wa karakana.

Nilipofika penye matundu alianza kukohoa. Alikohoa mpaka nikainuka kumletea maji. Nikamwambia, umeona, hata kusikia tu habari za tairi unapaliwa. Maana unaijua hadithi. Miaka kumi na moja sasa, mdogo wangu huyu alipata pancha katikati ya uwanda wako huo, akiwa na tairi zima la akiba chini ya gari, lakini mheshimiwa alikuwa ameisahau nyumbani fimbo ya kulishushia! Akatembea siku mbili. Ngozi ya nyayo zake haijarudi mpaka leo. Wateja wangu wote wanaijua, nawasimulia wakati nachukua vipimo, naye anacheka kuliko wao. Basi wewe fimbo ulale nayo.

Mfuko umo kwenye furushi hili. Nimeshona kama ule niliomshonea yeye wakati ule: tabaka mbili, uzi uliopakwa nta, mshono unapita mara tatu. Juu nimeacha wazi katikati waya upite, maana juu kuna bodi ya pikapu na hilo ndilo paa lake. Chini nimeziba kabisa.

Matundu sikuweka. Tangu niliposhika sindano nikiwa na miaka kumi na sita sijawahi kutoboa turubai kwa makusudi. Kazi yangu mimi ni kuzuia tundu. Watu wamelala chini ya maturubai yangu kwenye masika wakaamka wakavu, halafu leo nitoboe kwa mkono wangu, tena mara nane? Huyo aliyekuambia hivyo ashone yeye.

Kula vizuri.

Shangazi yako, fundi

*

Kiwandani, 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na baba shikamoo, najua unasikiliza. Kikohozi kimepona?

Mfuko nimeupokea kwa mikono miwili. Makenika wetu, mtu ambaye hajawahi kusifia kitu, aliupitisha mkono kwenye mshono wote akauliza ni mashine gani. Nikamwambia ni shangazi. Mkunga anataka begi la turubai hilohilo la kubebea mizani ya kupimia watoto, nikamwambia apange foleni.

Ila bado naomba matundu. Sina maelezo mengi, ni namna wanavyopenda huku. Nimekurudishia mfuko kwa lori hilihili. Usinikasirikie.

Mwanao

*

Karakana, 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekukasirikia.

Sikufungua kazi yangu siku mbili, nimeuangalia tu mfuko ulivyorudi kama mgeni aliyekataliwa hodi. "Namna wanavyopenda huku" ndiyo sababu gani? Mteja akiniambia turubai langu halifai lazima aniambie linavuja wapi. Wewe unaniambia halivuji, kwa hiyo nilivujishe.

Tena kuna jambo. Nilimsomea baba yako, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatoa maoni juu ya ushonaji wangu. Alisema, "Mtobolee mtoto, dada." Nikamuuliza kwa nini. Akaomba chai. Nikaleta chai, nikauliza tena, akasema ana usingizi, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Mna nini nyinyi wawili? Nimekuuliza wewe kwa sababu yeye namjua, akiamua kufunga mdomo humfungui hata kwa spana. Mfuko naurudisha kama ulivyo. Uvae huo huo.

Binti wa jirani yetu muuza magodoro amejifungua salama, mtoto wa kike.

Shangazi yako

*

Kiwandani, 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilikaa mfukoni mwangu wiki mbili nikiandika jibu kichwani na kulifuta.

Mvua imenyesha uwandani. Maji yametandaa juu ya chumvi, hayafiki hata kifundo cha mguu, na hayatikisiki. Mbingu yote imo chini. Nimeendesha juu ya mawingu, shangazi, naapa, mkunga amekaa pembeni yangu ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili kama tutaanguka. Tulipofika ng'ambo tuligundua wote tulikuwa tunalia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Ni uzuri wa kutisha, maana chini ya uzuri huo pikapu ilikuwa inaoga maji ya chumvi kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa safari, na tairi letu la akiba lipo mle ndani.

Swali lako nimelisoma. Nimeahidi kutolijibu, na niliyemwahidi unamsomea barua hii sasa hivi. Lakini sikuahidi kukuzuia kuangalia. Jirani yenu muuza magodoro ana pikapu kama hii. Siku ikitoka safari ya matope, kabla hajaiosha, lala chini yake, uangalie juu. Hilo tu.

Safari za Jumanne naendelea nazo, siwezi kuziacha. Kambini kuna wajawazito wanne.

Mwanao

*

Karakana, 24 Mei

Mwanangu,

Sianzi na salamu leo, utanisamehe, salamu zitakuja zenyewe.

Nililala chini ya pikapu ya muuza magodoro. Nilitandika boksi, nikajisukuma kwa visigino, mwanamke wa miaka sitini na tatu, miguu imebaki nje barabarani. Watu wakajaa. Nasikia mmoja anauliza, "Fundi kagongwa?" mwingine anajibu, "Hapana, anatafuta sindano." Niliwaacha waseme.

Miaka arobaini na saba nimeshona vya kufunika magari, na sikuwahi hata siku moja kuliona gari kwa chini. Nilikuwa nashona kwa vipimo vya karatasi. Kumbe kuna nyumba nzima kule! Kuna miti ya chuma, kuna mabomba yanayopinda bila kugusana, kuna springi zimepangwa kubwa kwa ndogo kama shuka kabatini. Nilisahau kilichonipeleka. Aliyeona vile vitu kichwani kabla havijakuwepo ni mtu wa namna gani? Nililala pale nikimwaza huyo mtu, mimi niliyekuwa najiona fundi.

Halafu nikaliona tairi. Limening'inia kwenye uzi mmoja wa chuma usiozidi kidole changu cha mwisho. Nikatazama chini yake, matope kiasi. Nikapitisha mkono juu yake, na vidole vikazama kwenye tope mpaka fundo la pili. Juu! Huku juu nilikoandika kwamba kuna paa. Nikainua macho kwenye hilo paa, na mwanangu, paa lilikuwa linavuja. Magurudumu yanarusha maji juu, maji yanapiga bodi kwa chini yake, yanarudi kudondoka juu ya tairi, tone baada ya tone, yakaniingia na jichoni. Nimezuia mvua maisha yangu yote na sikujua kuna mahali inaanzia barabarani, inapanda, halafu ndiyo inanyesha.

Ndipo nikauona mfuko wangu. Juu wazi, chini umezibwa kwa tabaka mbili na nta. Nilikuwa nimeshona beseni. Nilimshonea mdogo wangu beseni zuri lisilovuja, nikalijaza maji ya chumvi, nikamwambia aweke humo tairi la kumwokoa.

Sikutoka haraka. Muuza magodoro aliinama akaniuliza kama nimekwama, nikamwambia ndiyo.

Nilipofika nyumbani baba yako alikuwa kwenye kiti chake anakata nyuzi. Nilimuuliza nikiwa bado nina matope usoni.

"Fimbo ilikuwepo?"

Hakujifanya hajaelewa. Alisema, "Ilikuwepo."

"Uliizungusha?"

"Niliizungusha mpaka ikapinda. Waya ulikuwa umegandana na rimu, kitu kimoja. Nilipochana mfuko kwa kisu maji yakanimwagikia miguuni."

Nikakaa sakafuni. Nikamuuliza kwa nini, na yeye akaendelea kukata nyuzi, moja, ya pili, halafu akasema, "Shemeji alikuwa na miezi mitatu kaburini, dada. Hukuwa unakula. Hukuwa unaoga mpaka usukumwe. Kitu pekee kilichokuwa kinakuinua kitandani ni cherehani. Ningekuambia sindano yako nusura iniue, ungeishika tena?"

Mwanangu, nisingeishika. Najijua. Ningeifungia cherehani stoo na mimi ningejifungia nayo. Kila turubai lililotoka hapa tangu mwaka ule, hema za wagonjwa, kivuli cha shule ya watoto wadogo, vyote vilitoka kwa sababu mtu mmoja mwenye nyayo zilizoungua alikubali kuitwa msahaulifu. Na aliyemuita ni mimi! Mbele ya wateja, mbele ya wakwe zake, miaka kumi na moja, na yeye akicheka wa kwanza. Nilimwambia, "Ulikuwa unachekaje?" Akasema, "Unasimulia vizuri."

Nimelia, nimempiga begani, nimemwomba msamaha, na sijui nilianza na lipi. Nimekaa na mtu huyu tangu anazaliwa nikimbeba mgongoni, nikadhani namjua mpaka kucha. Namtazama sasa hivi anavyopapasa uzi, na naona haya hata kukaa naye chumba kimoja. Uwanda wako ni mkubwa, nimekuelewa. Lakini hapa mlangoni kuna kitu kikubwa zaidi kimekaa kwenye kiti cha miguu mitatu na nusu.

Wewe nawe ulijua. Tutayamaliza ukija likizo.

Nimeshona mfuko mpya. Matundu nimeyachoma kwa msumari wa moto ili kingo zisichanike. La kwanza mkono ulikataa. Nilisimama na msumari mpaka ukapoa mara mbili. Baba yako akaja akashika kifundo cha mkono wangu, haoni vizuri lakini alikijua, tukachoma pamoja yote manane. Juu nimeongeza kofia yenye tundu dogo la kupitisha waya, maana sasa najua mvua inatoka wapi. Baba yako anasema: kila mwezi lishushe tairi hata kama hulihitaji, upake waya grisi, uoshe mfuko kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uukaushe ndiyo urudishe. Anasema yeye hakuwa akilishusha, na hilo ni kosa lake, nisilibebe na hilo.

Ule mfuko wa mwanzo uchome moto. Usimpe mtu yeyote.

Shangazi yako

*

Kiwandani, 13 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Baba, shikamoo. Furushi nililipokea mwezi wa sita, na tangu hapo nimelishusha tairi mara mbili kama nilivyoagizwa, uani, makenika akinisimamia kama mtihani. Wajawazito wawili kati ya wale wanne wameshajifungua salama. Mfuko wa mwanzo umeshachomwa, niliuchoma mwenyewe na sikuangalia.

Jumanne iliyopita tulipata pancha. Kilomita ya hamsini na moja, saa sita mchana. Gurudumu la nyuma kushoto lilipasuka, pikapu ikayumba, ikasimama ikiwa imeinama. Nilizima injini, na kile kimya nilichowahi kukusimulia kikaja kutuzunguka. Ng'ambo ya pili mwanamke wa tatu alikuwa ameanza uchungu tangu asubuhi, mpanda pikipiki alikuja kutuita, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mkunga hakuniambia niharakishe. Alisema tu, "Nikushikie nini?" nikampa kofia yangu kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Nilitoa fimbo, nikapiga magoti kwenye chumvi, nikaiingiza kwenye bampa. Nitasema kweli, niliogopa kuzungusha. Uani ni uani. Nilifikiri, hapahapa, pengine chumvi hiihii, baba alipiga magoti akaizungusha mpaka ikapinda. Nilijiona niko mahali pake kabisa, nikashindwa kuinua mkono. Mkunga akapiga magoti pembeni yangu na kofia yangu mkononi.

Nikazungusha. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili mzito. Wa tatu waya ukalia, halafu ukalainika, na tairi likaanza kuja. Lilishuka polepole, limelala sawa, mpaka likagusa chumvi. Nikalivuta nje, nikatoa ile kofia ya turubai, nikafungua mfuko.

Shangazi, lilikuwa jeusi tii. Vile vinywele vya mpira ambavyo tairi huwa navyo likitoka dukani bado vilikuwepo, vimesimama. Katika weupe wote ule, huku na huku mpaka mwisho wa macho, kitu pekee ambacho chumvi haikukigusa kilikuwa kile. Tulikitazama wote wawili. Mkunga alinyoosha kidole akakigusa, akakirudisha. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho na sidhani kama nitaona.

Baada ya dakika ishirini na tano tulikuwa tunaondoka. Tulifika. Mkunga alimgeuza mtoto kwa mikono yake mitupu na mama yuko salama.

Barua ni ndefu na najua koo linakukauka. Mengine unaweza kuyaruka. Ila mahali hapa msomee baba polepole, na kama hakusikia rudia, hata mara tatu, mpaka uone amesikia: baba, nilizungusha fimbo, na tairi lilishuka.

Mwanenu